Haroun Hemedi, Fundi wa Kukaa

Baada ya miaka ishirini na sita ya kazi, Mzee Haroun Hemedi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 31 Oktoba 2025, mara tu watu wakitoka msikitini. Kampuni yetu ya Mwethya Mtandao ilianza kama kibanda cha kutengeneza redio hapa Kitui mjini, na leo ina minara hadi ng'ambo ya Mto Athi. Haijawahi kuwa na siku hata moja bila yeye. Kibanda kilimkuta akiwa na bisibisi mkononi, na ofisi inamwacha akiwa nayo. Tumejaribu kumnyang'anya. Amekataa.

Meneja wetu, Bi Salama, alisema wasifu huu niuandike mimi Nthiwa kwa vile ndiye niliyesafiri na Mzee sana. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni kwamba ofisi nzima haina mkono wa kuandika kama wangu, na shule niliiacha kidato cha pili ikiwa bado inanihitaji. Basi kaeni vizuri. Chai inakuja.

Mzee Haroun alizaliwa hapa hapa Kitui, nyuma ya soko. Babu yake alitoka Pwani kuuza vitambaa, akasema atakaa msimu mmoja, na mpaka leo huo msimu haujaisha. Ndiyo maana Mzee anazungumza Kiswahili cha nyumbani kwao, kirefu, chenye tafadhali mbili katika sentensi moja, na Kikamba alichookota sokoni. Kule vijijini akipiga simu kuuliza kama mtandao umerudi, wazee wengine humsikiliza hadi mwisho wakidhani ni taarifa ya habari.

Kila kitu kilichopita hewani huku kwetu kimepita pia mikononi mwake. Alianza na redio za betri, akaja kwenye simu za mezani, kisha kompyuta za saiba zilizokuwa zikipiga kelele kama mashine ya posho, na sasa dishi ndogo nyeupe juu ya paa za watu na ruta yenye taa za kijani sebuleni. Anajisifu kwamba anaweza kusikia mtandao ukipita. Anajisifu pia kwamba anajua kuimba. La kwanza sitalipinga.

Sisi vijana tukifika kwa mteja tunashika ngazi. Mzee anashika kiti. Mteja akilia kwamba mtandao wake unakuja na kwenda, Mzee haulizi mengi. Anaweka kiti mahali ambapo ataziona taa za ruta, anavua viatu, anakaa. Anazitazama zile taa jinsi mtu anavyotazama mvua ikitembea mbali juu ya vilima, haijulikani kama itafika au itageukia kwa wengine. Macho yanafunga nusu. Nyumba inamzoea. Kuku anaingia, anamtazama, anatoka. Jua linashuka kwenye ukuta, linapita juu ya kalenda ya kanisa, linalala kwenye mkeka. Na Mzee bado yupo, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyeahidiwa kitu na hana haraka nacho.

Mimi nilikuwa namwambia waziwazi kwamba analala. Alinijibu kwamba tatizo la kuja na kwenda ni kama digidigi. Ukilifukuza, utaona vumbi tu. Ukikaa kimya karibu na maji, litakuja lenyewe kunywa. Kwamba mwindaji alikuwa akikoroma wakati wa kuwinda, hilo aliniomba nisiliandike.

Na kukaa huko kulizaa matunda, siwezi kukana. Kuna mwalimu mmoja wa mji wa Wote ambaye mtandao wake ulikuwa unapotea jua likipanda na kurudi jua likishuka. Mimi nilibadilisha waya wote kutoka paani hadi ndani, kazi safi kabisa, na mtandao ukapotea vilevile. Mzee akaja, akaomba kiti, na akashindwa kuona taa. Ruta ilikuwa ndani ya kabati la vioo, katikati ya vikombe vya harusi, imefunikwa vitambaa vya kufuma, kimoja juu ya kingine, kama vile runinga na redio na mito ya makochi ilivyofunikwa. Ilikuwa inazimia kwa joto. Sasa, kumwambia mama wa watu atoe kitambaa ni kumwambia nyumba yake haijui kupambwa. Mzee aliuliza tu kama mgeni huyu mdogo hawezi kupewa kiti cha juu, kule juu ya kabati, ili vitambaa viwe chini yake kama bibi harusi anayekalishwa. Mwalimu alifurahi hadi akafuma kingine cha kukalia. Mtandao wa pale haujazimia tena.

Tena kuna ule mnara wa kando ya Kitui uliokuwa ukipotea na kijiji kizima. Mimi ndiye niliyepanda kwanza, na mimi ndiye niliyeshuka kwanza, kwa mwendo ambao hakuna fundi aliyewahi kuufikia. Nyuki walikuwa wamehamia ndani ya sanduku la mitambo. Mzee hakukubali wapulizwe dawa. Alisema wameona sanduku limetundikwa juu, wakaona ni mzinga, na Mkamba gani angewalaumu? Alimwita mrina asali anayeitwa Nzuki, naye akawahamisha jioni kwa moshi na maneno laini. Asali inayokuja ofisini kila mwaka, ile mnayokula mkidhani meneja amenunua, ni ya wale nyuki.

Lakini nikimaliza hapo nitakuwa nimewaficha jambo kubwa kuliko yote, na limetokea juzi tu. Ni nyumba ya Mama Mbula kule Kalamba, upande wa Makueni.

Mama Mbula, na Mbula ni jina lake mwenyewe, ni mjane, analima mbaazi na machungwa, na ana mtoto mmoja tu, Wavinya, ambaye amekwenda Doha kumtunza bibi mmoja mzee. Ruta ya pale aliilipia Wavinya. Saa ya mchana, yule bibi akilala, Wavinya humpigia mamake kwa video. Hapo ndipo ulipokuwa ugonjwa. Wanasalimiana vizuri. Mama anauliza habari za mwili, za kazi, za jua la huko. Halafu anauliza swali lake kubwa: utakuja lini? Na hapo hapo picha inaganda, sauti inakatika, Wavinya anapotea.

Siku ya kwanza mtu husema ni mtandao. Siku ya pili pia. Lakini ikiwa ni lile swali, kila mara ni lile swali, hata mimi ningeanza kuwaza. Mama Mbula alikwisha kuamini kwamba mtoto anamkatia simu kwa makusudi kwa sababu hana mpango wa kurudi. Kumbe huko Doha, Wavinya naye aliamini kwamba mamake anauliza kwa hasira, kisha anakata kabla ya kujibiwa. Simu za kila siku zikawa za mara moja moja. Zile za mara moja moja zikaanza kukosekana. Mwishowe Mama Mbula alipiga ofisini akamwambia Bi Salama, kwa upole wa kutisha, kwamba twende tukachukue kitu chetu. Wavinya alikuwa ametuma ujumbe kwamba atapiga Jumanne. Mama alisema atapokea hiyo moja. Ikikatika, hatapokea nyingine.

Nyumba ile ilikuwa imetushinda muda mrefu. Mimi nilibadilisha dishi, waya, ruta na adapta yake. Nilibadilisha kila kitu isipokuwa paa na mwenye nyumba. Mzee naye alikwenda kukaa, mchana mzima, zaidi ya mara moja. Taa zilikaa kijani kibichi, hazikupepesa hata kidogo. Mama Mbula alimpikia chai kwa kuni kule nje, kama anavyompikia kila mgeni, na Wavinya akipiga alimwambia kwa kifupi kwamba kuna watu, apige baadaye. Watu tukiondoka, akipiga baadaye, inakatika. Mtandao ule ulikuwa na adabu ya ajabu mbele ya wageni.

Basi Bi Salama alimwambia Mzee aiache, wiki yake ya mwisho ni ya kupumzika, vijana wataimaliza. Vijana ni mimi, na nilikubaliana naye. Mzee alisema hawezi kwenda kulala kwake akijua kuna nyumba inapepesa nyuma ya mgongo wake, na kwamba hapo tatizo si la ruta tena, kuna mama na mtoto wanaozikana wakiwa hai. Jumanne asubuhi akachukua ufunguo wa gari.

Safari na Mzee mnaijua. Watu wa bodaboda wanampita wakimwita kwa jina, naye anawajibu mmoja mmoja, anauliza na watoto, ndiyo maana huwa tunafika mchana. Siku hiyo sikumhimiza. Mawingu ya mvua ya kwanza yalikuwa yamekaa juu ya vilima bila kuanguka, ardhi nyekundu ikisubiri na midomo wazi, na Mzee akiimba kidogo kidogo wimbo usio na maneno. Ilikuwa kama gari linaendeshwa na usingizi wa mtu mwingine, mzuri.

Tulipofika nilipanda juu ya paa, maana mtu mwenye kipaji haachi paa hivi hivi. Mzee alikaa sebuleni kwenye kiti chake cha siku zote. Simu ya Mama Mbula ilikuwa mezani uso juu, ikisubiri. Mzee akamwambia, si kwa kulalamika, kwamba hii ni kazi yake ya mwisho, Ijumaa anafunga kazi. Mama akamuuliza atafanya nini sasa. Mzee akasema atakaa. Mama akasema, si hilo ndilo umekuwa ukifanya? Nilisikia kutoka juu ya mabati, na karibu nianguke kwa kicheko.

Kisha akainuka, akafungua kabati, akatoa birika la stima linalong'aa, bado lina karatasi ya dukani chini yake. Wavinya alilituma kutoka Doha mwaka jana. Akalijaza maji, akalichomeka kwenye ekstensheni karibu na ruta.

"Mtu anayefunga kazi hapewi chai ya kuni kama mtu wa kupita," alimwambia. "Hili ni la Wavinya. Hakuna mgeni amewahi kunywa nalo. Leo kunywa wewe."

Akabonyeza. Taa za ruta zikazima zote.

Mzee hakuruka. Alikuwa amekaa macho nusu, kama kawaida, na taa zikarudi moja moja, polepole, kama nyota zinazoogopa kutoka. Akaniita nishuke. Akamwomba Mama, tafadhali, azime, kisha abonyeze tena, tafadhali. Zikazima tena. Stima ya Kalamba inafika pale imechoka, waya wa kuingia sebuleni ni mwembamba kama uzi wa kushonea, na birika lile lina kiu ya ng'ombe. Likianza kunywa, ruta inabaki kavu. Mchana hakuna balbu inayowaka, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona stima ikiinama.

Mzee akauliza kwa sauti ya chini: Wavinya akipiga, Mama huwa analiwasha hili?

"Sasa nimpokee mtoto na mdomo mkavu?" Mama Mbula alishangaa. "Namsalimu, namuuliza mwili. Namuuliza atakuja lini. Halafu naweka chai yake, ndiyo nikae nisikie jibu vizuri."

Hebu fikirieni. Mtoto amefika, ingawa ni kwa kioo cha simu, na mtoto akifika ni mgeni wa heshima, na neno zito halisikilizwi bila kikombe. Alikuwa anamwandalia. Kila mara alikuwa anamwandalia chai mtu aliye Doha, kwa birika lililotoka kwake, na birika lilikuwa linamfungia mlango usoni.

Mimi ndiye niliyelichomoa. Naomba iandikwe hivyo, na kwa vile mwandishi ni mimi, imeandikwa. Mama alikaa chini polepole, mkono mdomoni. Mzee naye hakumweleza mambo ya volti. Alitoka nje, akachochea kuni, akapika chai mwenyewe kwa iliki anayotembea nayo mfukoni, akamletea Mama kikombe mkononi kabla simu haijalia, ili asiwe na sababu ya kuinuka.

Simu ikalia.

Tulitaka kutoka, Mama akatuashiria tukae. Salamu zikaenda zikarudi. Uvoo, habari, za huku na za huko. Uso wa Wavinya ulikuwa wa mtu aliyejifunga mkanda. Mama akauliza swali lake. Kisha akakishika kikombe kwa mikono miwili na hakwenda popote. Nje upepo uligusa mbaazi, ukaacha. Ruta ilikuwa na taa zake zote. Wavinya akangoja kukatika, kama alivyozoea, na haikukatika.

"Mwaitu," akasema, yaani mama yangu. "Bado uko?"

"Niko."

"Aprili mwakani. Nimekuwa nikikujibu Aprili tangu mwaka uanze."

Mama Mbula alirudia hilo neno bila sauti. Nadhani alikuwa analirudisha nyuma, analiweka mahali pake katika kila simu iliyowahi kukatika, Aprili hapa, Aprili pale, mpaka zote zikajaa. Halafu akamweleza mtoto habari ya birika, na huko Doha mtu akacheka hadi akaziba mdomo ili asimwamshe bibi wa watu. Waliongea mpaka chai ikapoa. Nilimtazama Mzee nimwambie tumeshinda. Alikuwa amelala. Safari hii alikuwa amelala kweli, miguu wazi kwenye mkeka, taa za kijani zikimwangazia shavu, na hakuna kati yetu aliyekuwa na moyo wa kumwamsha.

Jumatano nilirudi nikavuta waya mnene hadi jikoni, birika likapata soketi yake mbali na ruta. Kazi safi, kama kawaida yangu. Mama Mbula amefuta ombi lake la kukatiwa. Ametutumia gunia la machungwa kwa sherehe ya leo na neno kwamba Aprili Mzee ana kiti pale Kalamba, na atakunywa na mwenye birika.

Niseme pia kwamba Bi Salama alikuwa amekwisha kumnunulia Mzee zawadi ya kustaafu, na ilikuwa ni birika la stima. Limerudishwa dukani. Mtaona wenyewe tulichonunua badala yake. Kina miguu minne, na mgongo wake unalala nyuma.

Mzee Haroun, asante kwa miaka yote hii. Asante kwa kutufundisha kwamba si kila kinachopepesa ni cha kukimbiliwa na ngazi, ingawa ngazi ninayo na nitaendelea kuitumia vizuri kuliko wewe. Asante kwa nyuki, kwa vitambaa, kwa salamu zote ulizojibu barabarani tukichelewa. Ofisi itakuwa na kiti kitupu mbele ya ruta ya ukutani, na nitakikalia mara moja moja, macho nusu, wakinifukuza nitasema nawinda.

Mola akupe mchana mrefu na usingizi usiokatika. Na ukituuliza tutakuja lini kukuona, tafadhali, Mzee wetu, tafadhali, ngoja jibu kwanza kabla ya kuweka chai. Tunakuja.